Usiposti Farasi Ambao Hujawapima

Leo nawaambia kuhusu posti iliyonigharimu milioni moja na laki mbili.

Mimi ni mtu wa Bumbire, kisiwani huku Muleba. Nilimaliza kidato cha nne nikaanza kuuza spea za mashine za mitumbwi, baadaye nikaongeza turbo za mtumba za pikapu za dizeli. Mzigo unakaa Kemondo kwa kaka yangu maana magari yako bara. Mimi naposti kwa simu, mteja analipa, anaenda kuchukua.

Mwaka jana niliposti turbo ya Land Cruiser ya 1HZ. Mnaijua hiyo, lita 4.2, silinda sita, inatoka kiwandani bila turbo na farasi kama 130. Nikachukua grafu ya daino kwenye ukurasa wa watu wa nje, inaonyesha farasi 190, nikaibandika. Inbox ikajaa siku hiyohiyo.

Kwa asiyejua, daino ni mashine ya kupima nguvu ya gari. Tairi zinazosukuma zinakaa juu ya rola nzito, fundi anakanyaga mafuta mpaka mwisho, kompyuta inachora nguvu iliyotoka kwenye kila mzunguko wa injini. Grafu yangu haikuwa ya uongo. Ila ilikuwa ya gari la mtu mwingine, pampu yake imesetiwa kivyake, na labda limepimwa usawa wa bahari. Sisi ziwa letu tu liko mita 1,134 juu, shinikizo la hewa liko chini kwa kama asilimia 13. Halafu mimi nilisoma kile kilele cha farasi tu. Sikuangalia mzunguko wa chini, na pikapu yenye mzigo mlimani inafanya kazi hukohuko chini. Turbo kubwa inachelewa kuamka.

Mzee mmoja wa Muleba, anabeba ndizi na dagaa, akanunua. Akafunga, akaona hapati zile farasi 190. Fundi wake akafungua pampu, mafuta yakaongezeka. Moshi mweusi tii! Moshi ule maana yake mafuta yamezidi hewa, na kwenye dizeli joto linapanda vibaya. Tena 1HZ inabana hewa mara 22.4, wakati 1HD-T, ndugu yake aliyezaliwa na turbo, anabana 18.6 tu. Pistoni moja ikayeyuka akiwa na mzigo.

Alinipigia, wala hakutukana. "Mwanangu, ile karatasi uliyonionyesha ilikuwa ya gari gani?" Sikuwa na jibu. Kisheria labda ningebishana, kwamba pampu ilifunguliwa na fundi. Lakini aliifungua akitafuta namba yangu. Tukakubaliana nilipe nusu ya matengenezo.

Sasa napimaje? Daino Kagera sijawahi kuiona kwa macho yangu. Natumia mlima. Gari la mteja, kabla ya kufunga turbo, linapakiwa mzigo unaojulikana, linapanda kipande kilekile, gia ileile, mafuta mpaka mwisho, namimi na saa ya simu. Mara tatu. Baada ya kufunga tunarudia, mzigo uleule, na ikiwezekana saa zilezile za siku maana hewa ya mchana ni nyepesi. Gari la mwisho lilitumia sekunde 130, likashuka mpaka 112. Hiyo ndiyo naiposti, pamoja na video. Tunafunga pia geji ya presha ya turbo na ya joto la ekzosi, na hizo siuzi kama nyongeza, bila hizo turbo haitoki. Wateja wengine wanakimbia kwa bei, sawa tu.

Posti zangu siku hizi hazina farasi hata mmoja. Naandika injini, mzigo, sekunde za kabla na za baada, na kwamba pampu ikiguswa bila geji, mimi simo. Maoni yamepungua kweli, ila wanaouliza ni wenye magari, sio watoto wa kupenda kelele za ekzosi.

Mzee nimebakiza kumlipa laki mbili. Namtumia kila Jumatatu mauzo yakikaa vizuri, na juzi kaniletea mteja wa Hilux.