Taa Kuwaka Si Ushahidi

Soketi ina matundu matatu, plagi ina miguu mitatu, lakini ndani ya ukuta zimefika nyaya mbili tu. Waya wa ethi haupo. Fundi anayekagua nyumba za kupangisha Rongo au Oyugis hilo amelizoea, kama alivyozoea swali la mwenye nyumba: "Sasa fundi, si taa zinawaka?"

Zinawaka, naam. Hata swichi iliyofungwa kwenye nyutro huzima taa vizuri, huku holda ikibaki na volti 240 zikimsubiri anayebadilisha balbu. Kuna soketi zilizovutiwa waya wa 1.5, ambao ni wa taa, badala ya 2.5. Kuna shawa ya moto iliyoungwa kwenye laini ya soketi: shawa ya kilowati 5 huvuta zaidi ya ampia 20, nayo plagi ina fyuzi ya 13. Breka ikikatika kila asubuhi, mtu huweka kubwa zaidi, na sasa kinachopata moto ni waya wenyewe.

Ethi ndiyo hunikera zaidi, kwa kuwa hudanganya macho. Mbita kuna mawe. Fimbo ya shaba ikigonga mwamba, wengine huikata na kufukia kipande. Juu unaona waya wa kijani na manjano ukizama udongoni, safi kabisa. Tena ukipima ethi wakati wa masika, udongo uliolowa hukupa jibu zuri ambalo kiangazi cha Februari kitalikanusha.

Mradi wa serikali wa kusambaza stima, Last Mile, ulipoanza mwaka 2015, ada ya kuunganishiwa stima ilishuka kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000. Gharama ya nyaya za ndani ilibaki kwa mwenye nyumba, na hapo ndipo wengi walipobana. Kenya Power hudai cheti cha fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, kabla ya kuunganisha, lakini vyumba vya nyuma na kibanda cha chipsi huongezwa baadaye, cheti kikiwa kabatini.

Kwa hiyo mkaguzi anayeandika kosa lile lile nyumba hadi nyumba simwoni msumbufu. Asichoke tu kuandika kwa ukamilifu: chumba gani, soketi ipi, kipimo gani, tarehe gani, pamoja na picha. Na nakala moja apewe mpangaji, maana Migori mjini mwenye nyumba mara nyingi haishi hapo.