Habari ni ya wote, maneno yana mwenyewe

Makala yetu ya kwanza katika Wikipedia ya Kiswahili ilidumu siku mbili. Ilihusu Kwihara, kijiji kilicho kilomita chache kutoka Tabora mjini, ambako Livingstone alikaa mwaka 1872 akingoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Tulikuwa wanafunzi wanne, tukiwa na simu mbili na kijitabu kimoja cha jubilei ya parokia, kilichoandikwa na katekista mstaafu wa hapa Chemchem. Kina sura nzuri sana juu ya njia ya misafara. Tuliinakili neno kwa neno jioni nzima, tukahifadhi, tukaenda kulala na furaha yetu.

Siku ya tatu ukurasa haupo. Mkabidhi, yaani mmoja wa wale wanaojitolea kuisimamia kamusi elezo hiyo, alituachia ujumbe mfupi kwamba maandishi yamenakiliwa kutoka kitabu chenye hakimiliki. Hakuhitaji upelelezi. Chini ya makala tulikuwa tumeandika wenyewe, kwa fahari kabisa, kwamba yote yametolewa katika kitabu cha mzee fulani.

Hapo ndipo tulipoudhika. Si tumetaja chanzo? Darasani tunafundishwa kila siku kutaja tulikosoma, na tumetii! Ilituchukua muda kuona kwamba tulikuwa tunachanganya mambo mawili. Kutaja chanzo ni suala la uaminifu: usijivike sifa ya mwingine. Hakimiliki ni suala la ruhusa: nani anaweza kuamua kazi hii inakiliwe au isinakiliwe. Ukinakili sura nzima na kumtaja mwandishi, umekuwa mkweli, lakini bado umechukua bila kuomba. Na kinyume chake kinawezekana pia. Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857 wakati mji ukiitwa Kazeh, alifariki mwaka 1890. Ukinakili kitabu chake bila kumtaja, sheria ya muda wa hakimiliki haikukamati, ila mlezi wako atakuuliza maswali.

Sheria yetu ni ya mwaka 1999, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na msimamizi wake ni COSOTA. Kinga inaanza pale kazi inapoundwa. Wengi hudhani kitabu kisichosajiliwa au kisicho na alama ya herufi C ndani ya duara hakina mwenyewe. Hapana. Hata barua uliyomwandikia mama yako ina hakimiliki, na ni yako. Kinga hiyo hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake.

Kinacholindwa ni namna jambo lilivyosemwa. Jambo lenyewe halina mwenyewe. Kwamba Livingstone aliondoka Kwihara Agosti 1872, kwamba Mirambo alikufa mwaka 1884, kwamba Wamisionari wa Afrika walipita Tabora mwaka 1878 wakielekea kwenye maziwa: hizo ni habari, nawe unaweza kuziandika kesho asubuhi kwa maneno yako. Lakini ile sentensi ya katekista inayomwonesha mpagazi anavyobadilisha bega chini ya mwembe, hiyo ni yake.

Jaribio letu la pili lilikuwa la kijanja. Tulichukua sura ileile tukabadilisha maneno: “safari” ikawa “mwendo”, “alifika” ikawa “aliwasili”. Nalo halikupita, na sasa tunaona ni haki. Mpangilio ulikuwa wa mzee, mifano ya mzee, hata mizaha ya mzee. Njia iliyotufaa ilikuwa kusoma vyanzo viwili au vitatu, kuvifunga vyote, kisha kuandika kama unavyomsimulia mdogo wako, na mwisho kuvifungua tena kuhakiki miaka na majina. Ni kazi ya polepole. Aya moja ilitula jioni mbili.

Tafsiri nayo ina mtego wake. Tippu Tip, ambaye misafara yake iliijua Tabora vizuri, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili na kufariki Unguja mwaka 1905. Maneno yake ni mali ya umma. Lakini W. H. Whiteley aliyatafsiri kwa Kiingereza katika miaka ya 1950, na tafsiri ni kazi mpya yenye muda wake wenyewe wa kuhesabiwa. Basi ni ajabu kwamba baadhi yetu tulikimbilia Kiingereza ili tukirudishe kwenye Kiswahili, wakati maneno ya mwenyewe yapo na ni huru! Kutafsiri makala za Wikipedia ya Kiingereza kunaruhusiwa, mradi useme kwenye muhtasari wa kuhariri kwamba ni tafsiri ya makala gani.

Picha zilitusumbua kuliko yote. Ile inayotokea ukitafuta kwenye simu ina mpiga picha mahali fulani, hata kama jina lake halionekani. Na usihukumu kwa rangi ya kahawia. Walther Dobbertin alipiga picha nyingi hapa nchini enzi za Wajerumani, lakini alifariki mwaka 1961, na kwa sheria ya Ujerumani ya miaka 70 kinga yake bado haijaisha. Zipo Wikimedia Commons kwa sababu nyingine: mwaka 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani ilitoa zaidi ya picha 80,000 kwa leseni huria, na zake zimo. Sisi tulipanda baiskeli hadi Kwihara tukapiga mlango wa tembe wenyewe. (Ukaja ubishi: simu ni ya huyu, aliyebonyeza ni yule. Mwenye haki ni aliyepiga.) Picha za zamani zilizotundikwa ukutani hatukuzipakia, kwa maana kupiga picha ya picha hakukupi haki ya ile ya kwanza.

Ilibaki kwenda kwa mzee. Tulimwomba radhi, kisha tukamwomba ruhusa ya kutumia sura yake. Akakubali mara moja: “Tumieni tu, wanangu.” Ingekuwa rahisi kuondoka na jibu hilo. Lakini ruhusa ya kutumiwa Wikipedia peke yake haitoshi. Leseni ya Wikipedia inampa kila mtu duniani nafasi ya kunakili, kubadilisha, hata kuuza, mradi ataje chanzo na aachie kazi yake kwa masharti yaleyale. Ilibidi tumweleze.

Mzee akanyamaza kidogo. “Kwa hiyo mtu wa Dar anaweza kukichapa na kukiuza, na mimi nisiambiwe?” Tukasema ndiyo, anaweza. Akakataa. Kijitabu kile alikichapisha kwa kuuza mbuzi, na mapato yake alikuwa ameyaahidi kwa bati za kigango. Hatukumbembeleza.

Makala ya Kwihara sasa ipo, fupi kuliko ya kwanza, kwa maneno yetu, na kijitabu chake kimetajwa katika marejeo. Tulimpelekea kwenye simu akaisoma yote, akivuta miwani. Akatuambia tumesahau kisima walichonywea wapagazi, alichooneshwa na babu yake. Tukamjibu kwamba hatuwezi kukiweka, kwa kuwa Wikipedia inataka chanzo kilichochapishwa, na kisima hicho hakimo hata kitabuni mwake. Akaomba kalamu. Toleo la pili, alisema, litakuwa na kisima.