Je, Wajua? Manowari Iliyolala Mbele ya Fort Jesus

Je, wajua kuwa chini ya maji mbele ya Fort Jesus, Mombasa, imelala manowari ya Kireno? Santo António de Tanná iliundwa Bassein, India. Ilizama mwaka 1697, ilipokuja kuwasaidia Wareno waliozingirwa na Waomani ngomeni. Wanaakiolojia waliizamia kuanzia 1977 hadi 1980. Mbao zilizokaa wazi majini zilikuwa zimetafunwa na viumbe wa baharini wanaotoboa miti. Zilizofukiwa na tope zilisalimika, maana viumbe hao hawaishi pasipo hewa. Baada ya kupimwa na kuchorwa, mataruma yalifunikwa tena kwa mchanga yasioze. Vitu vilivyoopolewa vimo katika makumbusho ya ngome. Wapeleke watoto wakavione!