Jinsi ya Kuchukua Vyuma vya Barafu Mpaka Mlimani Bila Kujeruhi Mtu

Vilele vitatu vya Mlima Kenya vilivyo virefu kuliko vingine ni Batian, wenye mita 5,199, Nelion, wenye mita 5,188, na Lenana, wenye mita 4,985. Watu wengi waendao huko huishia Lenana, ambako mtu mwenye afya njema na kiongozi mzuri aweza kufika kwa miguu. Wako wachache, hata hivyo, waendao kupanda barafu yenyewe, na hao hufunga chini ya buti zao vyuma vyenye meno makali viitwavyo kramponi. Pasipo vyuma hivyo mguu huteleza katika barafu kama utelezavyo juu ya mwamba uliopakwa mafuta.

Kramponi za siku hizi kwa kawaida huwa na meno 12 katika kila mguu. Meno 10 huelekea chini, na 2 hutokeza mbele ya ncha ya buti ili mpandaji ayapige katika ukuta wa barafu na kusimama juu yake. Zamani hayo ya mbele hayakuwapo. Mwingereza mmoja, Oscar Eckenstein, ndiye aliyebuni kramponi za meno 10 mwaka 1908, na mwaka 1929 Laurent Grivel wa Italia akaongeza mawili ya mbele. Wapandaji waliofungwa katika kambi ya mateka wa vita huko Nanyuki walijitengenezea zao kwa vyuma chakavu, wakayageuza manyundo kuwa mashoka ya barafu, na mwezi wa Januari 1943 Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka nazo kwenda kupanda Mlima Kenya. Baadaye walirudi kambini wenyewe, jambo ambalo si wafungwa wengi wangelifanya.

Meno hayo hunolewa yapate kutoboa kitu kigumu. Mwaka 1899 Halford Mackinder na viongozi wake wawili kutoka milima ya Alpi, César Ollier na Joseph Brocherel, walipokaribia kilele cha Batian, walikuta barafu ngumu kupita kiasi hata ikawabidi kukata ngazi kwa shoka hatua kwa hatua, na kwa ajili ya ugumu huo ikaitwa Diamond, yaani almasi. Mkondo wa barafu ushukao kutoka hapo ulipandwa mara ya kwanza mwaka 1973 na Phil Snyder pamoja na Thumbi Mathenge. Basi, chuma kiwezacho kuingia katika barafu ya namna hiyo hakitashindwa na turubai, wala na shanta, wala na paja la mtu.

Hapo ndipo ilipo hatari ambayo wengi hawaifikirii. Mpandaji huogopa barafu na kusahau njia. Lakini barafu ya Mlima Kenya imepungua sana tangu siku za Mackinder, na ile ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote, imebaki sehemu ndogo tu ya ilivyokuwa. Mtu hutembea siku mbili au tatu msituni, katika matope na juu ya mawe, akiwa na kramponi mgongoni, kwa ajili ya saa chache tu za kuzivaa. Kwa hiyo vyuma hivi huwa mzigo kwa muda mrefu zaidi kuliko vinavyokuwa viatu, na madhara mengi yawezayo kutokea yamo katika safari hiyo ya kuchukuliwa.

Kila mkulima ajua jinsi ya kuchukua panga. Hulitia katika ala, na kama hana ala hulishika makali yakielekea upande usio na mtu, wala hakimbii nalo. Kramponi zina taabu zaidi kwa sababu makali yake hayako upande mmoja. Kila jino lina uelekeo wake, na huwezi kulificha moja bila lingine kutokeza. Kuzitia ndani ya gunia la kawaida ni sawa na kutozifunika kabisa. Baada ya kilometa chache za mtikisiko meno hutokea nje, na aliye nyuma katika njia nyembamba huwa nayo mbele ya uso wake.

Zipo ala za namna mbili zinazouzwa. Ya kwanza ni vifuniko vya mpira vilivyounganishwa, ambavyo huvishwa kila jino. Hivi huzuia vizuri, ila vina udhia: vidole vikifa ganzi kwa baridi, kuvivisha na kuvivua huchukua muda mrefu, na kimoja kikianguka gizani hakionekani tena. Ya pili ni mfuko wa kitambaa kigumu sana wenye zipu, uliotiwa kitu kigumu ndani. Huu ndio bora kwa watu wengi. Kabla ya kuzitia humo, kramponi mbili huwekwa uso kwa uso, meno ya moja yakiingia katikati ya meno ya nyingine, kisha hufungwa kwa mikanda yake zisilegee. Zikilegea husuguana, na hapo mfuko hutobolewa kutoka ndani.

Asiye na fedha ya kununua mfuko hana sababu ya kwenda ovyo. Jerikeni kuukuu la plastiki lililokatwa ubavuni hutoa ala nzuri: kipande kimoja huwekwa katikati ya kramponi mbili, na vingine viwili nje, kisha vyote huzungushiwa mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Haipendezi kuitazama, lakini hufanya kazi yake. Gazeti, fulana kuukuu au blanketi havifai. Meno hupita ndani yake mara moja, na tena mtu hudhani amejikinga.

Mahali pa kuziweka katika shanta pana maana kama ala yenyewe. Zisiwekwe upande uguswao na mgongo, kwa maana mtu akianguka chali uzito wake wote na wa mzigo huzishindilia mwilini. Zisikae karibu na kamba. Kamba ya kupandia ikichomwa jino huenda isionyeshe dalili kwa nje, na mwenye kuining'inia ndiye atakayelijua kosa hilo. Zisikae pia karibu na chupa ya mafuta ya kupikia, wala juu ya mfuko wa kulalia. Pahali pake ni juu kabisa, chini ya kifuniko cha shanta, au nje upande wa nyuma zikiwa ndani ya ala na zimefungwa mara mbili. Kuzining'iniza kwa kamba moja ili zilie njiani kama njuga ni majivuno ya vijana.

Mara nyingi mwenye kramponi siye azichukuaye. Huzitia katika mfuko mkubwa pamoja na nguo na chakula, na asubuhi mpagazi huinua mfuko huo bila kuambiwa neno. Mpagazi huyo ataukalia akipumzika, ataulalia kichwa jioni, atautupa begani kwa haraka mvua inapokuja. Ni haki yake kujua alichobebeshwa. Yafaa mwenye mali amwonyeshe vyuma hivyo kwa macho kabla ya safari, amwambie viko upande gani wa mfuko, na afunge kitambaa chekundu upande huo ili hata mtu mwingine akipokezwa mzigo apate kuuliza. Na kiongozi wa safari akikuta kramponi zisizo na ala, azikatae palepale langoni, hata kama mgeni atakunja uso. Ni afadhali uso uliokunjwa kuliko jicho lililotobolewa.

Katika gari la abiria mfuko uwekwe sakafuni au katika sanduku la mizigo, usiwekwe juu ya vichwa vya watu. Asafiriye kwa ndege aziweke katika mizigo ya chini, asiingie nazo mahali pa kukaa abiria, na azifunge kwa namna ambayo afisa atakayeufungua mfuko ili kuupekua hatachomwa mkono.

Mtu afikapo penye barafu asizivae mapema. Azivae mahali palipo tambarare, kabla mteremko haujaanza, akiwa ameketi, na wenzake wakiwa mbali kidogo. Kuzivaa tangu kibandani na kutembea nazo juu ya mawe ni kuyaharibu makali na kutafuta kuanguka. Akiisha kuzivaa atembee miguu ikiwa imepanuka kidogo, suruali isiwe pana, kwa sababu jino la mguu mmoja likishika nguo ya mguu wa pili mtu huanguka kifudifudi. Kamwe asikanyage kamba.

Jeraha la jino huwa dogo kwa nje na refu kwa ndani, na kwa hiyo hudharauliwa. Lioshwe kwa maji safi yaliyochemshwa, lifungwe kwa kitambaa safi, na mwenye jeraha ashuke apelekwe kwa daktari, ambaye ataangalia kama yahitajiwa sindano ya kuzuia pepopunda. Damu ikibubujika, jeraha likandamizwe kwa nguvu bila kuachia. Jicho likiguswa lisikandamizwe hata kidogo. Lifunikwe polepole, na safari ya kushuka ianze mara moja. Msaada mlimani huchelewa. Mwaka 1970 Dk. Gert Judmaier wa Austria alipovunjika mguu karibu na kilele cha Batian, ilipita zaidi ya wiki moja kabla hajashushwa, ingawa watu wengi walijitahidi kwa hatari kubwa, na rubani mmoja wa helikopta aliyekuja kusaidia alikufa.

Baada ya kupanda, kramponi hukung'utwa theluji na kufutwa, kwa kuwa zikirudishwa ndani ya ala zikiwa na maji hupata kutu na ala huoza. Jioni mfuko uachwe wazi ukauke, lakini uwe pembeni, si penye njia ya kuingilia kibandani ambako watu hutembea gizani bila viatu. Meno yaliyofifia hunolewa kwa tupa ya mkono; jiwe la mashine huyatia moto mwingi na kuuondoa ugumu wa chuma. Zikiisha kunolewa zirudishwe katika ala siku hiyohiyo, zitundikwe juu ya ukuta nyumbani, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti.