Mabinti wa Selofehadi walirudi mara ya pili

Kama unajiandaa kwenda ibadani, au umekwisha kurudi na unasubiri chakula cha mchana, chukua Biblia yako ufungue Hesabu sura ya 27. Utakuta habari ya mabinti watano wa mtu aliyeitwa Selofehadi. Baba yao alifia jangwani bila kuacha mtoto wa kiume. Kwa desturi ya wakati ule urithi ulikwenda kwa wanaume, hivyo jina la baba yao na sehemu yao ya ardhi vilikuwa hatarini kupotea.

Mabinti wale hawakubaki hemani wakilia. Walikwenda wakasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, Eleazari kuhani, wakuu na kusanyiko lote, wakaeleza shida yao. Musa hakuwafukuza. Alilipeleka neno lao kwa Bwana, na Bwana akajibu kwamba wamesema haki. Sheria ikawekwa kwa ajili yao na kwa ajili ya Israeli yote.

Mara nyingi mahubiri huishia hapo, tukasema amina. Leo naomba twende mbele kidogo. Fungua Yoshua sura ya 17. Musa amekwisha kufa, watu wamevuka Yordani, na nchi inagawanywa. Wale mabinti wanatokea tena. Wanakwenda kwa Eleazari na Yoshua kuwakumbusha kwamba Bwana alimwagiza Musa wapewe urithi. Hapo ndipo wakapewa. Agizo lilikuwepo tangu jangwani, lakini ardhi waliipata baada ya kurudi mara ya pili.

Shika hilo moyoni, kisha twende Dodoma.

Baada ya uchaguzi wa mwaka 2015 aliingia bungeni dada mmoja kijana, Upendo Peneza, mbunge wa Viti Maalumu kupitia CHADEMA. Katika mambo aliyoyasemea ni lile ambalo wengi wetu hulikwepa hata majumbani: hedhi ya mtoto wa kike akiwa shuleni. Alitaka kodi iondolewe kwenye taulo za kike, na alitaka wanafunzi wapewe bure. Hakuwa peke yake, maana wapo wabunge wengine na watu wa mashirika ya jamii waliolisemea jambo hilohilo. Lakini kwa mbunge kijana, kusimama mbele ya wazee na kulitaja jambo la namna hiyo kunahitaji moyo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Yeye hakuficha.

Jambo lake lilikuwa la elimu na la afya kwa pamoja. Serikali ilikuwa imekwisha kufuta ada. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango hadi kidato cha nne, na kuanzia Januari 2016 watoto wengi waliingia madarasani. Lakini mtoto anaweza kufutiwa ada na bado akabaki nyumbani siku tatu kila mwezi kwa sababu hana cha kujisitiri.

Hebu tupige hesabu pamoja. Msichana akikosa siku tatu kwa mwezi, kwa miezi tisa ya masomo amekosa siku 27. Hizo ni zaidi ya wiki tano za shule. Akifanya hivyo kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne, amekosa siku 108. Mwaka wetu wa shule una siku 194. Ina maana binti huyo anaingia kwenye mtihani wa taifa akiwa nyuma ya kaka yake kwa zaidi ya nusu mwaka, na matokeo yakitoka tunasema hakusoma kwa bidii.

Juni 2018, Dk. Philip Mpango, wakati huo Waziri wa Fedha na Mipango, aliposoma bajeti ya mwaka 2018/19 alipendekeza kusamehe Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye taulo za kike. Kodi hiyo ilikuwa asilimia 18. Bunge likapitisha. Sauti ya kijana wa upinzani na kalamu ya waziri wa chama tawala zikakutana kwa ajili ya mtoto wa shule. Tulipaswa kumshukuru Mungu, na wengi walishukuru.

Mwaka mmoja baadaye, Juni 2019, waziri huyohuyo alisimama tena na kupendekeza kodi irudishwe. Sababu aliyotoa ni kwamba bei haikushuka, na kwamba msamaha ule haukumfikia mtumiaji. Badala yake alipendekeza wawekezaji wapya wa viwanda vya taulo za kike wapunguziwe kodi ya mapato ya kampuni kutoka asilimia 30 hadi 25 kwa miaka miwili. Upendo Peneza na wenzake walipinga kodi kurudi, lakini ilirudi.

Ndugu yangu, usikimbilie kuchagua upande wa chama hapo. Tuangalie kilichotokea. Chukua mfano wa pakiti inayouzwa shilingi 2,000, kodi ikiwa ndani yake. Asilimia 18 ikiondolewa yote, bei inapaswa kushuka hadi karibu shilingi 1,700. Ni kama shilingi 300 zinazopaswa kurudi kwa mama. Zilikwenda wapi?

Sehemu moja ya jibu ni ya kihesabu. Bidhaa ikisamehewa kodi hii, mwenye kiwanda harudishiwi kodi aliyolipa kwenye malighafi na huduma alizonunua ili kuitengeneza. Gharama hiyo hubaki ndani ya bei. Zinazotoka nje zina usafiri wake na ushuru wake. Na muuza duka mwenye pakiti alizonunua kabla ya Julai 2018 alikuwa amezinunua kwa bei ya zamani. Haya yote ni kweli, na si haki kumwita kila mfanyabiashara mwizi.

Sehemu ya pili ya jibu ni ya moyoni. Ile njia kutoka bungeni hadi kwenye mkoba wa binti ina watu wengi: mwagizaji, muuzaji wa jumla, msafirishaji, mwenye duka la kijijini. Kila mmoja akijibakizia kidogo, mwisho haufiki hata senti. Na watu hao si wageni kwetu. Tunaimba nao kwaya moja. Tunakaa nao benchi moja. Wengine ndio wazee wa kanisa na wahazini wetu. Mithali inatufundisha kwamba mizani ya hila ni chukizo kwa Bwana. Mizani ya siku hizi ni pamoja na bei ambayo ilipaswa kushuka na haikushushwa kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Hapo ndipo nakuomba tufike Kidodi.

Ukitoka Mikumi mjini kwa barabara ya Ifakara, kabla hujavuka mto Ruaha Mkuu kuingia Kidatu, unapita Kidodi, kata ya wilaya ya Kilosa katika jimbo la Mikumi. Miwa imetanda huku na huku, na milima ya Vidunda iko juu yako. Bunge lilipokuwa likijadili kodi ile, jimbo hilo liliwakilishwa na Joseph Haule, ambaye vijana wengi wanamjua zaidi kwa jina la Profesa Jay. Maisha ya watu wengi pale hufuata miwa. Msimu wa kuvuna ukiwa wazi, fedha ipo mkononi. Masika ikiingia na kiwanda kikafunga, fedha inakuwa ngumu, na duka linaanza kuandika madeni.

Lakini shule haifungi kwa sababu kiwanda kimefunga. Mwili wa binti nao haungojei msimu wa miwa. Aprili, mvua inanyesha, mama ana shilingi 2,000 na nyumba haina unga. Wewe ungekuwa yeye, ungenunua nini? Usimhukumu akinunua unga. Na binti anajua hali ya nyumbani, kwa hiyo haombi. Anasema kichwa kinamuuma, anabaki nyumbani. Kimya hicho kipo Kidodi, kipo Kilosa mjini, na kipo katika mtaa unaosali wewe.

Wapo watakaosema mambo haya hayafai kuzungumzwa Jumapili. Naomba usome Marko sura ya 5. Kulikuwa na mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Alitumia mali yake yote kwa waganga na hali ikazidi kuwa mbaya. Sheria ya usafi ilimtenga na watu, hivyo alikuja kwa siri, kwa nyuma, akagusa vazi. Bwana Yesu angeweza kumwacha aondoke kimya na uponyaji wake. Hakufanya hivyo. Alisimama katikati ya umati, akataka kujua nani amemgusa, akamsikiliza mama yule akieleza yote, kisha akamwita binti. Aibu aliyoibeba miaka 12 iliishia pale, hadharani.

Tena angalia safari ile ilikuwa ya kwenda wapi. Yesu alikuwa njiani kwenda nyumbani kwa Yairo, ambaye mtoto wake wa kike alikuwa na umri wa miaka 12. Ni umri wa binti zetu wa darasa la sita au la saba, wanaoanza kuona mabadiliko ya mwili. Alipomfufua, Bwana alitoa agizo dogo la kawaida kabisa: apewe kitu cha kula. Aliyeshinda mauti hakuona haya kushughulika na mahitaji ya mwili wa mtoto. Kanisa lake litaonaje haya?

Sasa tufanye nini? Mabinti wa Selofehadi wanatufundisha kurudi mara ya pili. Sheria ikipita bungeni, kazi imefika nusu. Tukimwachia mbunge peke yake, kijana au mzee, kazi hiyo itafia njiani.

Kwanza, tuulize. Jirani zetu Kenya waliondoa kodi hii mwaka 2004, na bado walihitaji sheria nyingine mwaka 2017 ili Serikali iwajibike kuwapa wasichana wa shule taulo bure. Kwa hiyo tusishangae kuambiwa turudi. Mbunge wako anapokuja kwenye harambee ya kanisa, msikilize, mshukuru kwa mchango wake wa bati na saruji, kisha muulize kuhusu choo cha wasichana chenye mlango na maji, na chumba cha kujisitiri. Upo Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ambao kamati yake huongozwa na mbunge. Yupo diwani, na kamati ya maendeleo ya kata inakaa. Kuuliza kwa adabu si uasi. Mabinti wale walisimama mbele ya Musa, na Biblia haisemi kwamba walikosa heshima.

Pili, tutumie kilichopo. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Umoja wa akina mama wenye vyerehani unaweza kusajili kikundi, ukaomba mkopo, ukashona taulo za kitambaa zinazofuliwa. Lakini taulo ya kufua inataka maji safi, sabuni na jua la kuianika bila kuificha chini ya kitanda. Kwa hiyo anza na maji.

Tatu, wewe mwenye duka. Sikuambii uuze kwa hasara, maana una watoto wa kulisha. Nakuomba jambo moja: siku Serikali itakapopunguza kodi kwenye bidhaa ya mtoto au ya mgonjwa, wewe uwe wa kwanza mtaani kushusha bei. Iandike kwenye kikaratasi ukibandike ukutani. Huo utakuwa ushuhuda mkubwa kuliko sadaka ya shukrani, kwa sababu utamfikia binti ambaye jina lake hulijui.

Nne, akina baba. Unaponunua sukari na chumvi, nunua na pakiti moja ya binti yako. Mwekee mezani bila maneno mengi. Atajua kwamba baba yake anajua, na kwamba hana sababu ya kudanganya kuhusu kichwa.

Tuwaombee pia vijana wetu walioko bungeni na kwenye mabaraza ya madiwani, wa vyama vyote. Timotheo alikuwa kijana, na Paulo alimtia moyo asikubali kudharauliwa kwa umri wake. Kijana anayelisema jambo gumu mwaka huu na kulipoteza mwaka kesho anahitaji watu wa kumwambia arudi tena. Asikute kwamba sisi tulimpigia makofi siku ya ushindi tu.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewasikia mabinti wa Selofehadi na ukamwita binti yule mama aliyejificha, wakumbuke watoto wetu watakaoamka kesho Jumatatu wakiogopa kwenda shule. Uwape wabunge wetu ujasiri, wafanyabiashara wetu uaminifu, na sisi utupe miguu ya kurudi mara ya pili. Kwa jina la Yesu. Amina.