Mwanao Akitaka Kusomea Uhandisi wa Mazingira

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Magadi, ukapita Kiserian na Kisamis, wafika Oltepesi. Jina hilo ni la mti wa mgunga kwa Kimaasai. Jua ni kali, mvua ni chache, na shauri la kwanza la kila siku ni maji.

Huenda kijana wako, mvulana au msichana, amemaliza chuo kikuu, naye arudi nyumbani na kusema, "Baba, nataka kusoma miaka miwili zaidi. Nataka kusomea uhandisi wa mazingira." Nawe wajiuliza: Ni masomo gani haya, hali amekwisha pata shahada? Na ng'ombe wangapi watauzwa? Maswali hayo ni ya haki, na hapa twayajibu.

Elimu hii ni ya nini?

Mhandisi wa mazingira ni mtu aliyefundishwa kulinda maji, hewa na udongo visiwadhuru watu. Yeye hupima maji ya kisima, hupanga mahali pa vyoo na mitaro, na huamua maji machafu ya mji au ya machinjio yasafishwe namna gani kabla ya kufika mtoni. Kazi yake ni ya mikono na vipimo, wala si ya kuketi ofisini tu.

Maji meupe yaweza kudhuru

Tuchukue mfano mmoja. Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, na Kajiado pia, maji ya visima virefu yana madini yaitwayo floridi. Miamba ya huku ilitokana na volkeno. Maji yapitapo ndani yake kwa miaka mingi huyeyusha floridi, hasa maji yaliyo na magadi mengi na chokaa kidogo. Huwezi kuyaona madini hayo, wala kuyanusa.

Mtoto akinywa maji hayo kabla ya kufika miaka 8, wakati meno yake ya ukubwani yangali yakijijenga ndani ya ufizi, meno hayo hutoka yakiwa na madoa ya kahawia. Watu humlaumu kwamba hapigi mswaki, na kumbe hana kosa. Maji yakizidi ubaya, mifupa nayo huuma, hukakamaa na hata kupinda. Shirika la Afya Duniani lashauri floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa.

Jambo moja ulikumbuke sana: kuchemsha maji huua vijidudu, na hiyo ni desturi njema, lakini hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi hubaki ile ile katika maji machache.

Mfupa wa ng'ombe waokoa mfupa wa mtoto

Floridi hupenda kushikamana na mfupa. Basi wataalamu waliona heri ishikwe na mfupa wa ng'ombe kabla haijashika mfupa wa mtoto. Mifupa huchomwa katika tanuri maalumu lenye hewa kidogo mpaka iwe makaa, kisha husagwa na kutiwa katika chombo cha kuchujia maji. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imeifanya kazi hii kwa miaka mingi. Huko Arusha, katika kituo cha Ngurdoto, wataalamu wa Tanzania wamechunguza njia hii na nyinginezo.

Usijaribu kuchoma mwenyewe nyumbani. Moto ukipungua, maji hunuka. Ukizidi, makaa hupoteza nguvu ya kushika floridi. Na makaa mazuri nayo huchoka, lazima yabadilishwe. Je, yatachoka baada ya lita ngapi kwa maji ya kisima hiki? Hapo ndipo ilipo kazi ya mwanafunzi wa elimu ya juu. Yeye hupima, huandika, hupima tena, mpaka apate jibu la kuaminika.

Njia ya masomo

1. Shule ya sekondari: hesabu, fizikia na kemia ziwe na alama nzuri.

2. Shahada ya kwanza ya uhandisi: hapa Kenya huchukua miaka 5.

3. Shahada ya uzamili: kwa kawaida miaka 2. Kwanza ni mafunzo darasani, kisha uchunguzi na kuandika tasnifu.

4. Uzamivu: miaka 3 au zaidi, kwa wanaotaka kufundisha vyuoni au kuongoza uchunguzi.

Masomo ya maji na mazingira hupatikana katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja. Ng'ambo ya mpaka wa Namanga iko Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, iliyoanza kufundisha mwaka 2011. Hiyo hupokea wanafunzi wa uzamili na uzamivu tu, na maji ya nchi ile yana shida hii hii ya floridi.

Kabla ya kuuza ng'ombe

Mwambie kijana aulize kwanza habari za mkopo katika Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na habari za ufadhili katika chuo chenyewe na kwa shirika la Kijerumani la DAAD. Pia mwulize atachunguza jambo gani. Akijibu, "Maji ya kisima chetu," basi ana shabaha.

Nawe usimngoje arudi na shahada. Iombe kamati ya kisima ipeleke maji yapimwe, ikianzia ofisi ya maji ya kaunti. Yakionekana kuwa na floridi nyingi, yatumike kufua na kuoshea, na maji ya mvua ya bati yahifadhiwe katika tangi safi kwa kunywa watoto wadogo. Meno yakisha haribika hayarudi yalivyokuwa.