Joka Likishakufa: Vita na Shujaa Asiyetarajiwa katika The Hobbit

Riwaya ya fantasia ya kiutendi ni hadithi ndefu ya nathari inayotukia katika ulimwengu wa kubuni wenye ramani, lugha, koo na historia yake, na ambamo hatima ya mataifa mazima huwa mashakani. Huitwa ya kiutendi kwa sababu imerithi mambo matatu kutoka kwenye tendi, yaani mashairi marefu ya masimulizi kuhusu mashujaa, nayo ni safari, adui aliye nje ya maumbile ya kawaida, na vita. Katika tendi za kale shujaa hujulikana tangu anapotajwa: Fumo Liyongo, shujaa wa utendi wa Kiswahili, ni jitu la nguvu ambalo hakuna silaha ya kawaida inayolidhuru, na Beowulf, katika utendi wa Kiingereza cha Kale unaoitwa kwa jina lake, ana nguvu za watu thelathini mkononi mwake. Riwaya iliyorithi safari, adui na vita imemkabidhi mtu dhaifu nafasi hiyo ya shujaa, na hakuna kitabu kinachoonyesha vizuri zaidi namna mabadiliko hayo yanavyofanya kazi kuliko The Hobbit cha J.R.R. Tolkien, kilichochapishwa London mnamo Septemba 1937.

Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892 na kulelewa Uingereza, alikuwa profesa wa Kiingereza cha Kale katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 1936 alitoa mhadhara kuhusu Beowulf ambao hadi leo wasomi wa utendi huo hawaupiti, akiwapinga wahakiki waliouthamini kama ghala la habari za kihistoria huku wakiona haya kwamba kiini chake ni mapambano na mazimwi na joka. Kwake yeye, mazimwi hayo ndiyo yaliyoupa utendi huo uzito wake. Katika utendi huo joka hulala juu ya hazina mpaka mtu anapoiba kikombe kimoja, nalo likaamka na kuichoma nchi kwa moto. Kisa hicho cha kikombe kinajitokeza tena katika The Hobbit, na anayekiiba ni Bilbo Baggins.

Bilbo ni hobiti, yaani mmoja wa watu wafupi kuliko binadamu, wenye manyoya miguuni, wapendao chakula, bustani na utulivu. Mchawi Gandalf anamchagua afuatane na vibeti kumi na watatu, watu wafupi mabingwa wa uchimbaji na uhunzi, wanaotaka kurudisha mlima wao uliotwaliwa na joka Smaug, naye anaajiriwa kwa mkataba wa maandishi, kazi yake ikiwa ni wizi. Kwa msomaji wa Kiswahili, shujaa wa aina hii si mgeni kabisa. Katika hadithi ya Sultani Majnuni, iliyokusanywa Zanzibar na Edward Steere na kuchapishwa mwaka 1870, mtoto wa mwisho anayedharauliwa kwa kukaa jikoni ndiye anayemwangamiza Nunda, paka aliyegeuka mla watu. Ngano za mataifa mengi zina mtoto kama huyo, na nyingi humwinua kwa njia moja: humfikisha mbele ya mnyama, amwue kwa mkono wake, kisha apewe heshima aliyonyimwa.

Tolkien hakufuata njia hiyo. Smaug anauawa na Bard, mpiga upinde wa mji wa ziwani, na habari ya sehemu laini iliyo wazi kifuani mwa joka inamfikia kutokana na uchunguzi wa Bilbo. Zaidi ya hayo, kifo hicho kinatokea katika sura ya 14 ya kitabu chenye sura 19, na vita vinafuata baadaye. Joka lilikuwa limewatisha wote, na kwa hofu hiyo lilikuwa limewazuia kupigana. Likishakufa, dhahabu inabaki bila mlinzi. Watu wa mji huo wa ziwani, ulioteketezwa na joka, wanadai fidia, mfalme wa Waelvi, watu wa msituni wasiozeeka, anakuja na jeshi, na Thorin, kiongozi wa vibeti, anakataa kutoa hata sarafu moja, kwa kuwa uchu uleule uliolilaza joka juu ya hazina umemwingia yeye. Hapo ndipo hobiti anapofanya tendo kubwa kuliko yote aliyoyafanya: anakichukua kito ambacho Thorin anakitamani kuliko chochote, anakipeleka kwa siri kwa Bard ili kiwe nyenzo ya kuleta mapatano, kisha anarudi kwa wenzake kuipokea hasira yao. Kuuingia mlima wa joka kulihitaji ujasiri, lakini kurudi kule kulihitaji ujasiri mkubwa zaidi.

Mapatano hayo yanapitwa na uvamizi wa magoblini, viumbe katili wa mapangoni, na mbwa mwitu, na Vita vya Majeshi Matano vinasimuliwa kwa ufupi unaoshangaza, kwani Bilbo anapigwa na jiwe kichwani, anazimia, na anaamka vita vikiwa vimekwisha na Thorin akiwa anakata roho. Mwandishi aliyeyaandika haya alikuwa ofisa wa mawasiliano wa jeshi la Uingereza katika mapigano ya Somme mwaka 1916, akarudishwa nyumbani kwa homa ya mahandakini, na kufikia mwisho wa mwaka huo rafiki zake wawili wa karibu wa ujanani walikuwa wamekufa. Ni vigumu kuyasoma mazungumzo ya Thorin na Bilbo, ambamo mfalme anayekufa anaomba radhi kwa maneno yake makali, bila kuyakumbuka hayo.

The Lord of the Rings, kilichotoka kati ya 1954 na 1955, kinaisukuma fikra hiyo mbali zaidi. Frodo, hobiti mwingine, anaifikisha pete ya uovu kwenye moto unaoweza kuiangamiza, na hapo anashindwa kuitupa. Inaangamia kwa sababu Gollum, kiumbe aliyeharibiwa na pete hiyohiyo, anamnyang'anya na kutumbukia nayo. Gollum alikuwa hai siku hiyo kwa kuwa miaka mingi nyuma Bilbo, akiwa na upanga mkononi gizani, alimhurumia akamwacha. Huruma hiyo haikuwamo katika toleo la The Hobbit la 1937. Baada ya kuona hadithi yake kubwa ilikoelekea, Tolkien aliiandika upya sura ya tano, ambamo Bilbo na Gollum wanakutana, nayo ikatoka katika toleo la 1951.